Msikilizaji wa Pili: Jinsi Adui Anavyouunda Mlio wa Chura

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa biolojia, na nyote mliokubali kuitumia jioni hii kwa habari za vyura:

Tunapofundisha milio ya vyura darasani huwa tunasema jambo moja kisha tunapita: dume huita ili jike aje. Jambo hilo ni la kweli, lakini linaacha nje sehemu kubwa ya habari, na sehemu hiyo inayoachwa ndiyo iliyonileta mbele yenu. Sauti ikishatoka kinywani haina mwenyewe. Humfikia jike aliyekusudiwa, na humfikia vilevile kila kiumbe mwenye masikio aliye karibu, awe na nia gani. Ikiwa miongoni mwa viumbe hao yumo anayekula vyura, basi dume anayeita anajitangaza kwa mchumba na kwa muuaji wake kwa pumzi ileile. Rai yangu ni kwamba hatuwezi kueleza kwa nini mlio wa chura fulani uko jinsi ulivyo, uwe wa sehemu moja au nyingi, wa mfululizo au wa kukatikakatika, wa peke yake au wa kundi, mpaka tumjue huyo msikilizaji wa pili na kazi aliyoifanya juu ya mlio huo kizazi baada ya kizazi.

Spishi za vyura duniani zimepita 7,000, na sitawachosha kwa kuzipitia. Nitakaa na chura mmoja mdogo wa Amerika ya Kati aitwaye tungara, ambaye wataalamu humwita Engystomops pustulosus, anayepatikana kuanzia Mexico hadi kaskazini ya Amerika ya Kusini. Ana rangi ya tope na vipelepele mgongoni, na urefu wake ni kama sentimita 3. Mtu anayempita kidimbwini hatamtazama mara ya pili. Hata hivyo, kwa maoni yangu hakuna chura mwingine ambaye uhusiano wa sauti yake na adui yake umechunguzwa kwa subira na kwa werevu kama huyu, na ndiyo maana nimemchagua yeye badala ya vyura wa kwetu, ambao nitawarejea mwishoni.

Uchunguzi huo ulifanyika hasa nchini Panama, katika Kisiwa cha Barro Colorado. Zamani mahali hapo palikuwa kilima ndani ya msitu. Mto Chagres ulipozuiwa kwa bwawa ili kuupatia Mfereji wa Panama maji, Ziwa Gatun likajaa na kilima kikabaki kisiwa. Leo kisiwa hicho ni hifadhi ya utafiti iliyo chini ya taasisi ya Smithsonian ya Marekani. Mvua zinaponyesha, kila shimo dogo linalotuama maji, hata lile lililoachwa na unyayo wa mnyama, huweza kuwa ukumbi wa ndoa wa tungara. Dume huelea juu ya maji, akajaza hewa mapafuni, kisha akaisukuma hewa hiyo kupitia kikoromeo hadi kwenye kifuko cha sauti kilicho chini ya taya, kifuko ambacho huvimba kikawa kikubwa kuliko kichwa chake.

Mlio unaotoka una sehemu mbili, na naomba tuzishike vizuri kwa kuwa habari yote iliyobaki inazizunguka. Sehemu ya kwanza ni mlio mrefu unaoanzia karibu na hezi 900 (yaani mitetemo 900 kwa sekunde) na kuteremka hadi karibu na hezi 400 kwa muda wa takriban theluthi moja ya sekunde. Sehemu hii haikosekani kamwe, na peke yake inatosha kumwambia jike kwamba aliyeko pale ni dume wa spishi yake. Sehemu ya pili ni sauti fupi sana, kavu, kama ya kitu kinachogota juu ya kingine, ambayo hufuata mwishoni mwa mlio mrefu. Nitaiita kigoto. Dume anaweza asiweke kigoto chochote, anaweza kuweka kimoja, na anaweza kuvipanga hata kufikia 7, lakini hawezi kutoa kigoto pasipo kutanguliza mlio mrefu. Kuna mlio sahili, basi, na kuna mlio uliopambwa.

Majike wanapenda pambo. Jike akiwekwa katikati ya vipaza sauti viwili, kimoja kikitoa mlio sahili na kingine mlio wenye kigoto, mara nyingi mno atakiendea chenye kigoto. Zaidi ya hayo, madume wakubwa hutoa vigoto vizito zaidi, na mtafiti wa Marekani Michael Ryan alionyesha katika jarida la Science mwaka 1980 kwamba majike huvipendelea vigoto vya namna hiyo, na kwamba dume mkubwa hurutubisha mayai mengi zaidi ya jike kuliko dume mdogo. Jike anayefuata kigoto kizito hafuati upuuzi.

Hapa ndipo lilipo swali. Kigoto ni chepesi kukitoa na kinavuta majike kiasi hicho, na dume kila mmoja ana kikoromeo cha kukitolea. Kwa nini, basi, dume anayeita peke yake kidimbwini kwa kawaida hukinyima? Kwa nini huita kwa mlio sahili tu, na kuanza kuongeza vigoto pale tu madume wengine wanapoanza kumjibu? Charles Darwin alieleza mwaka 1871 jinsi uchaguzi wa majike unavyoweza kuzaa manyoya marefu na nyimbo ndefu. Maelezo yake yanatufahamisha kwa nini kigoto kipo. Hayatufahamishi kwa nini mwenye nacho anakificha.

Ryan alianza kazi yake kisiwani mwaka 1978, akikesha kandokando ya maji na kuhesabu nani kampata nani. Jibu la swali lake lilitoka kwa mtu aliyekuwa akichunguza viumbe vingine kabisa. Merlin Tuttle, mtaalamu wa popo, alikuwa amenasa wavuni popo aliyekuwa na chura mdomoni. Popo huyo ni Trachops cirrhosus, mwenye vinundu vingi vidogo kwenye midomo na kidevu, mnyama wa misitu ya Amerika ya joto. Tuttle alijiuliza kama popo huyo alimpata chura kwa bahati tu alipokuwa akiwinda wadudu, au kama alikuwa ameufuata mlio wake. Wakaungana yeye na Ryan, na matokeo yao ya mwaka 1981 ndiyo yaliyofungua uwanja huu wa elimu.

Napenda jinsi walivyolifanya jaribio lao, kwa sababu ni la kuigwa na mwanafunzi yeyote mwenye kifaa cha kurekodi. Walimwondoa chura. Ndani ya kizimba kikubwa cha nje, na baadaye msituni penyewe, waliweka vipaza sauti vilivyocheza milio iliyorekodiwa, hivyo hapakuwa na harufu ya chura, wala umbo lake, wala mjongeo wake. Ilibaki sauti peke yake. Popo walikuja. Walipowekewa mlio wa chura anayelika na mlio wa chura mwenye sumu, waliuendea ule wa anayelika. Walipowekewa mlio wa chura mdogo na mlio wa chura mkubwa mno asiyebebeka, walimchagua mdogo. Na walipowekewa mlio sahili wa tungara dhidi ya mlio wenye vigoto, walivipendelea vigoto, kama majike wanavyovipendelea.

Natulitafakari jambo hilo kwa utulivu, kwa kuwa ni zito kuliko linavyoonekana. Kigoto hakimpi popo habari za ndoa. Kinampa mahali. Ni sauti fupi yenye mwanzo wa ghafla, na imejaa masafa mengi ya mtetemo kwa wakati mmoja, mengine yakifika hezi 2,500 na kupita hapo, na sauti ya namna hiyo humsaidia anayesikiliza gizani kujua imetoka upande gani. Pia mlio wenye vigoto huashiria kwamba pale pana madume kadhaa, na penye madume kadhaa windo ni jepesi. Pambo lilelile ambalo uchaguzi wa majike unalisukuma mbele, uwindaji wa popo unalirudisha nyuma, na dume analazimika kuamua kila usiku aongeze kiasi gani kulingana na nani yuko karibu.

Huenda mtu akauliza popo anasikiaje sauti nzito kiasi hicho, maana tunafundisha kwamba popo husikia sauti za juu mno, zile anazozitoa mwenyewe ili kupima giza kwa mwangwi. Swali hilo ni zuri. Popo wengi kwa kweli hawasikii vizuri sauti za chini ya hezi 5,000. Trachops anazisikia, na uchunguzi wa sikio lake la ndani umeonyesha kwamba ana wingi usio wa kawaida wa neva katika sehemu inayopokea masafa ya chini. Sina budi kusema kwamba jambo hili linanigusa kila ninapolisoma: mlio wa mapenzi wa chura hauko peke yake katika kuundwa na adui, kwa kuwa adui naye amebeba sikio linalofaa kwa mlio wa chura.

Tena popo huyu anajifunza. Rachel Page, akifanya kazi pamoja na Ryan, aliwachukua popo wa msituni na kidogo kidogo akawazoesha kuuendea mlio wa chura mkubwa mwenye sumu, ambao kwa kawaida hawaugusi, kwa kuwawekea chakula juu ya kipaza sauti. Walijifunza. Halafu, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2006, waliwaweka popo wasiojua kitu pamoja na popo aliyekwisha kujifunza, na hao wageni walilishika jambo hilo baada ya majaribio kama 5 kwa wastani, huku popo walioachwa wajigundulie peke yao wakihangaika muda mrefu mno. Mwaka 2022 ikatolewa habari nyingine: popo waliofundishwa kuufuata mlio wa simu ili wapate chakula, kisha wakaachiliwa warudi msituni, walinaswa tena baada ya mwaka 1 hadi zaidi ya miaka 4, na bado waliukumbuka. Chura anayefikiriwa kuwa salama kwa kuwa popo wa eneo lake hawajui mlio wake hana usalama wa kudumu, kwani atakapotokea popo mmoja wa kuugundua, wenzake watamtazama na watajua.

Kwa nini, basi, vigoto havikufutika kabisa, na kwa upande mwingine kwa nini dume hafiki 20 au 30? Jibu moja lilipatikana mwaka 2011, na linahusu namna akili inavyolinganisha vitu. Aliyezoea kubeba mizigo anajua kwamba tofauti ya debe moja na mawili huisikia begani mara moja, bali madebe kumi na madebe kumi na moja hawezi kuyatofautisha kwa urahisi. Majike wa tungara husikia hivyo, na popo nao husikia hivyo: kinachowavuta ni uwiano kati ya mlio huu na ule, wala hawajali vigoto vimezidiana vingapi. Kutoka kigoto 1 hadi 2 ni hatua kubwa. Kutoka 6 hadi 7 ni hatua ambayo jike haioni sana, na popo haioni sana. Ndiyo kusema kwamba dume anayezidi kupamba hapati tena faida ya maana, ingawa pia hatari yake haipandi sana. Kikomo cha pambo, kwa hesabu hiyo, kimewekwa zaidi na sikio la jike kuliko na meno ya popo, na ni vyema tukiri hivyo ili tusimpe adui sifa ya kila kitu.

Sasa nieleze anachokifanya chura mwenyewe. Popo akipita juu ya kidimbwi, kwaya yote hukatika. Ni jambo ambalo wengi wenu mmewahi kulisikia hata katika mabwawa yetu mkikaribia kwa miguu. Tungara hupitia hatua kadhaa: kwanza hunyamaza, kisha hupunguza hewa kifukoni mwake, kisha, hatari ikizidi, huzama. Kwa muda mrefu tulidhani kwamba kunyamaza kunatosha. Mwaka 2014 kundi la watafiti lililoongozwa na Wouter Halfwerk lilionyesha kwamba hakutoshi. Kifuko cha sauti kinapovimba na kusinyaa juu ya maji husukuma viwimbi vinavyotawanyika kidimbwini, na viwimbi hivyo havina breki: chura akinyamaza, vyenyewe huendelea kwa sekunde kadhaa. Popo, anayetuma sauti yake na kusoma mwangwi, anaweza kuvihisi. Katika majaribio, popo walishambulia zaidi kielelezo cha chura kilichokuwa na viwimbi pamoja na sauti kuliko kilichokuwa na sauti tupu, na upendeleo huo ulitoweka pale uso wa maji ulipojaa majani makavu, kwa kuwa majani huvivuruga viwimbi. Kwa hiyo usalama wa dume hautegemei mlio wake tu. Unategemea pia ameketi wapi, na kidimbwi kilichofunikwa na takataka za msitu kinaweza kuwa maficho bora kuliko maji meupe ambayo jicho letu huyasifu.

Baada ya kimya ni lazima mtu aanze, kwa maana usiku ni mfupi na majike wako njiani. Anayeanza huanza kwa mlio sahili. Wenzake wakifuata, vigoto hurudi kimoja kimoja, mpaka kwaya imejaa tena. Utaratibu huo una mantiki ya wazi: katika kundi kubwa uwezekano wa chura mmoja mmoja kuchukuliwa hupungua, jambo ambalo Ryan na Tuttle walilipima mapema katika kazi yao, hivyo idadi ya waitaji ndiyo inayompa dume ruhusa ya kujipamba.

Vyura wengine wa Panama wamepata njia nyingine, na mmoja wao anastahili tukae naye kidogo. Ni chura wa mitini aitwaye Smilisca sila, anayeita kandokando ya vijito. Madume wake huita karibu wote kwa pamoja. Mmoja akianza, jirani yake hudakia papo hapo, ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, hata milio inalaliana. Mwaka 1982 Tuttle na Ryan walionyesha kwamba popo huiendea milio inayolaliana hivyo mara chache kuliko milio inayopishana. Miaka ya karibuni watafiti wengine wakiwa na Ximena Bernal wameeleza sababu yake: masikio ya wanyama wengi, sauti mbili zinazofanana zinapofuatana kwa karibu mno, huzisikia kama sauti moja inayotoka kule ilikotokea ya kwanza. Popo, basi, humwendea aliyetangulia, na aliyedakia anabaki kama hayupo. Jike wa spishi hiyo hana upendeleo mkubwa kati ya wawili hao, hivyo anayedakia anajificha kwa adui bila kujificha sana kwa mchumba. Mara nyingi tunasema kwamba vyura wanaoita kwa pamoja wanashirikiana. Ukiutazama utaratibu huu kwa makini utaona kwamba kila mmoja angependa mwenzake ndiye aanze.

Chura huyohuyo huita zaidi, na kwa milio iliyopambwa zaidi, katika usiku wa mbalamwezi anapoweza kumwona popo akija, na usiku wa giza huita kidogo na kujificha zaidi. Pia hupenda kuita karibu na maporomoko madogo, ambako kishindo cha maji humfunika.

Popo si adui pekee. Yuko usubi wa jenasi Corethrella, ambaye jike wake hunyonya damu ya vyura na humpata chura kwa kufuata mlio, na Bernal na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba naye huvutwa zaidi na mlio wenye vigoto. Usubi haui papo hapo, lakini hunyonya damu na huweza kuacha vimelea vya maradhi. Mnyama mdogo wa kule anayefanana na panya-buku na mwenye mfuko wa kubebea watoto, aitwaye Philander, naye huifuata milio hiyo.

Nimesema kwamba adui huuvuta mlio nyuma. Anayetaka ushahidi thabiti atauliza: mkimwondoa adui, je, mlio unasonga mbele? Hilo ni swali ambalo binadamu, pasipo kukusudia, amelifanyia jaribio kubwa kwa kujenga miji. Halfwerk na wenzake walichapisha mwaka 2019 ulinganisho wa tungara wanaoishi mijini na wale wa msituni, katika eneo lilelile la Mfereji wa Panama. Mjini popo na usubi wanaofuata milio ni wachache, na majike pia ni wachache, hivyo ushindani wa kuwapata ni mkali. Madume wa mjini waliita mara nyingi zaidi na kwa mapambo zaidi. Watafiti walipowachezea majike wa msituni milio ya pande zote mbili, robo tatu yao waliuchagua mlio wa mjini. Kisha wakafanya jambo ambalo ndilo lililonishawishi kabisa: waliwahamisha madume. Wa mjini walipopelekwa msituni walipunguza mapambo. Wa msituni walipopelekwa mjini hawakuweza kuyaongeza. Mtu angeweza kudhani kwamba chura wa mjini amekuwa mzembe kwa kukosa adui, kumbe amepata uwezo mpana zaidi, wa kupandisha na wa kushusha, ambao yule wa msituni hana.

Adui akiwa mkali mno, sauti inaweza hata kutoweka. Mfano ulio wazi kabisa hautoki kwa vyura. Unatoka kwa nyenje wa Kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, ambao huwindwa na nzi anayefuata mlio wao ili aache mabuu yake juu yao. Marlene Zuk na wenzake waliripoti mwaka 2006 kwamba katika vizazi visivyofika 20, zaidi ya asilimia 90 ya madume walikuwa wamepoteza sehemu ya bawa inayotoa sauti. Nauleta mfano huu kwa tahadhari, kwa kuwa sisi Tanzania tunaye chura asiyeita, Hyperolius ukaguruensis wa milima ya Ukaguru, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2023, na nimewasikia wanafunzi wakisema kwa haraka kwamba lazima naye amenyamazishwa na adui. Tusiende huko. Chura huyo ni wa kundi dogo la jamaa ambao madume wao wana vimiiba kooni, na wataalamu wanadhani kwamba vimiiba hivyo huwasaidia kutambuana kwa kugusana. Ukimya una njia nyingi za kuufikia, na anayetaja adui ni lazima amwonyeshe adui huyo, sikio lake, na windo lake, kama walivyofanya watu wa Barro Colorado.

Kwetu je, yuko msikilizaji wa namna hii? Popo mwenye pua ya umbo la moyo, Cardioderma cor, anaishi katika nyika na pwani za Afrika Mashariki na hulala mchana katika mashimo ya mibuyu. Ryan na Tuttle walimfuata nchini Kenya, na katika kazi yao ya mwaka 1987 walieleza kwamba naye huwinda kwa kusikiliza, hasa mchakacho wa mende na viumbe wengine wanaotembea ardhini. Popo wa jinsi hiyo, mwenye masikio makubwa na anayetulia juu ya tawi akisikiliza chini, ni wa kuchunguzwa kando ya madimbwi yetu ya msimu wakati wa masika.

Hili linahusu kazi yenu moja kwa moja, ninyi mnaohesabu vyura kwa kusikiliza. Katika misitu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa, na katika mabwawa ya mashamba, mhesabuji hukaa mahali kwa dakika kadhaa na kuandika spishi zilizoita. Njia hiyo ni nzuri na ni ya gharama nafuu, lakini hesabu yake inachukulia kwamba chura aliyepo ataita. Kama mlio ni jambo ambalo chura hulipandisha na kulishusha kwa kadiri ya hatari, basi dakika tano za kimya baada ya popo kupita zitaandikwa kana kwamba bwawa ni tupu, na usiku wa giza utaonekana maskini wa vyura kuliko usiku wa mbalamwezi hata kama ni vyura walewale. Naomba, kwa hiyo, fomu zetu za kuhesabu ziongezewe safu chache: mwezi ulikuwaje, maji yalikuwa na kishindo au yalituama, uso wake ulikuwa wazi au umefunikwa na majani, popo alionekana au hakuonekana, kwaya ilikatika saa ngapi, na aliyeanza tena alianza kwa mlio upi. Mwenye kinasa sauti akiache kikiendelea wakati wa kimya, wala asikizime ili kuokoa betri, kwa kuwa mpangilio wa milio inayorudi baada ya kimya ndio utakaotuonyesha kama vyura wetu nao hurudi kwa tahadhari, wakitanguliza mlio sahili na kuongeza pambo baadaye. Pale mtakapopata dalili hiyo, rudini na kipaza sauti bila chura, mkae mbali nacho, na mtazame nani anakuja.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na ninakaribisha maswali.